Mgeni Aliyepewa Ufunguo

Firdausi, binti wa Khatibu muuza vitenge wa Kasulu, ndiye aliyeandika programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilitumia mfumo wa kompyuta uitwao Linux, tena ilikuwa huria: yeyote aliweza kuichukua bure, kuisoma na kuirekebisha. Zahanati za Kibondo na Murungu ziliitegemea.

Kazi ilipomwelemea, alijitokeza mtandaoni mtu aliyejiita Niyonzima. Alisalimia kwa upole, kwa Kirundi, "Mwakeye," akaziba kasoro bila kuombwa, na Mzee Khatibu alipougua akawa wa kwanza kumpa pole. Wema ule ulidumu hata Firdausi akamkabidhi ufunguo wa kutoa matoleo mapya.

Asubuhi moja akapiga simu Josepha, muuguzi wa Kibondo.

"Mdogo wangu, tangu tuweke toleo jipya kompyuta inasuasua. Na taa ya mtandao inapepesa hata kama hakuna anayeigusa."

Firdausi akaufungua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Katika faili la majaribio, mahali ambapo hakuna anayetazama, palifichwa amri. Akaifumbua polepole. Ilikuwa inamfungulia mtu mlango aingie kompyuta yoyote yenye programu ile, asome majina, maradhi, mahali watu wanapoishi. Miongoni mwao walikuwamo wakimbizi waliokuwa wakitafutwa na watu wabaya huko walikotoka.

Kabla hajanyanyuka, ujumbe ukaingia.

"Mwakeye, Firdausi. Naona umelifungua lile faili. Liache. Mzee amepata wateja leo?"

Akakumbuka kuwa hata kompyuta yake ilikuwa na toleo lile. Akachungulia dukani kutoka chumba cha nyuma. Baba yake alikuwa akimpimia mama mmoja kitenge. Ng'ambo ya barabara wanaume wawili wameegemea pikipiki, wanatazama dukani.

"Baba, funga duka."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Funga kwanza, baba!"

Akaizima kompyuta, akampigia Josepha. "Dada, chomoeni waya wa mtandao sasa hivi. Waambie na wa Murungu."

Kisha akaazima kompyuta ya jirani, akamnyang'anya Niyonzima ufunguo, akawaandikia watumiaji wote waziwazi: "Nilimwamini mtu nisiyemjua. Mlango aliouficha ni huu hapa." Watu asiowahi kuwaona, wa nchi za mbali, wakausoma msimbo pamoja naye mstari kwa mstari. Kufikia magharibi toleo safi lilikuwa tayari.

Niyonzima alitoweka. Wale wa pikipiki waliondoka. Labda walikuwa wanasubiri abiria tu.

"Alisoma majina ya wangapi?" Josepha aliuliza kwa simu.

Firdausi hakujua, wala hapakuwa na wa kumuuliza.