Dirisha Lililoongezeka Sentimita Tatu

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, na jina hilo alilipata kwa haki, maana hapakuwa na dirisha la maana mtaani pale ambalo hakuwahi kulipima. Suruali na gauni alishona pia, lakini pazia ndizo zilizomlisha. Miaka tisa alipendezesha sebule za wenzake, kisha jioni akarudi kwenye vyumba viwili vya kupanga ambako hata msumari hakuruhusiwa kupigilia bila kumwuliza mama mwenye nyumba.

Na miaka yote hiyo tisa, yeye na mumewe, fundi wa friji, walikuwa wakiambiana kwamba mwaka huu wananunua. Kila mwaka ulikuja na kisingizio chake. Bei zikipanda, Mama Mapazia alisema wasubiri zishuke. Zikishuka, alisema wasubiri zishuke zaidi. Mtoto alipoanza shule alisema wasubiri azoee kwanza, kana kwamba mtoto huyo angekwenda kuishi darasani.

"Wewe hata ukipewa nyumba bure utauliza ina ugonjwa gani," mumewe alimtania.

Alikuwa mwoga, basi, na tusimwonee, alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka minane mama yake alinunua nyumba kwa mtu mwenye maneno matamu. Wakahamia, wakapaka rangi, wakakaa mwezi na nusu. Siku moja mchana wakaja watu wawili na karatasi, na kufika alasiri vitanda vyao vilikuwa barabarani, majirani wakipita wakijifanya hawaoni. Tangu siku ile neno "nyumba yetu" lilimtoa kijasho chembamba.

Mwaka huu, hata hivyo, alikata shauri. Mwalimu mmoja mstaafu, mjane, alikuwa anauza nyumba yake nyuma ya shule ya msingi ili akaishi na binti yake. Karatasi zake zilikuwa safi, wakili alizikagua mara mbili. Siku ya kwanza kwenda kuiona, mumewe na mwalimu walipokuwa uani wakiangalia tangi la maji, Mama Mapazia alichomoa futi shingoni akalipima dirisha la sebuleni. Lilikuwa kubwa, limeelekea mashariki. Upana: sentimita mia mbili na kumi kamili. Wiki ile ile akakata kitambaa cha rangi ya mchanga na kuanza kushona.

"Unalishonea dirisha la mtu!" mumewe alishangaa.

"Litakuwa letu," alijibu, naye alikuwa hajawahi kusema hivyo.

Wakapanga kutia sahihi kwa wakili Ijumaa saa nne asubuhi. Mama mwenye nyumba wakampa taarifa ya kuhama, naye hakulaza damu. Kabla ya wiki kwisha alishaleta wapangaji wapya, mke na mume vijana, wakasimama katikati ya chumba cha Mama Mapazia wakibishana kitanda kikae wapi. Kuanzia Jumapili vyumba vilikuwa vyao.

Jumatano mumewe alianza kufunga mizigo kwa bidii ya mtu aliyengoja miaka tisa. Alifunga kila alichokigusa. Alifunga na futi ya mkewe, kwenye boksi mojawapo kati ya kumi na saba, na alipoulizwa ni lipi akakuna kichwa. Mchana akarudi na futi mpya, ya manjano, inang'aa.

"Nyumba mpya, futi mpya," alisema. Mkewe akaivaa shingoni na kumshukuru.

Alasiri hiyo hiyo akaenda peke yake nyumba ya mwalimu, apime dirisha la sebuleni tena kwa ajili ya kununua fimbo ya pazia. Mwalimu alimfungulia, akamwachia sebule, akaenda kufunga vitabu vyake. Mama Mapazia akapanda kiti. Akapima.

Mia mbili na kumi na tatu.

Akashuka, akakisogeza kiti, akapima upya. Mia mbili na kumi na tatu. Akapima kwa chini, na kwa chini vilevile. Dirisha lilikuwa limeongezeka sentimita tatu katika majuma matano, na dirisha halinenepi. Dirisha likipanuka, ukuta umeachana.

Hapo ndipo alipouona ufa. Ulianzia pembeni mwa fremu, juu, mwembamba kama uzi, ukapanda hadi kwenye dari. Labda ulikuwapo tangu zamani. Labda haukuwapo. Alijaribu kukumbuka na hakukumbuka, na kadiri alivyoutazama ndivyo ulivyozidi kuwa mrefu. Alimwona binti yake amelala chini ya ukuta ule. Aliviona vitanda barabarani.

Akaaga bila kumtazama mwalimu usoni.

"Pengine ulikosea mara ya kwanza," mumewe alisema jioni, wakiwa wameketi juu ya maboksi kwa kuwa viti vilishafungwa kwa kamba.

"Mimi?" Mama Mapazia alimkazia macho. "Miaka tisa, umewahi kusikia pazia yangu imerudishwa kwa ufupi?"

Mumewe akafikiri. "Hapana."

"Basi. Nyumba ile inapasuka, baba. Nimeipima kwa mkono wangu."

"Rafiki yangu fundi mwashi yuko safarini. Anarudi Jumatatu."

"Tungoje Jumatatu."

"Na Jumapili tutalala wapi?"

Hofu ilikuwa imemkaba, na mtu aliyekabwa hajibu maswali, anatafuta pa kupumulia. Mumewe alitamani nyumba ile kuliko alivyowahi kusema, na usoni ilionekana. Lakini katika ndoa yao kila mtu alikuwa na eneo lake. Yeye akisema friji imekufa, imekufa. Mkewe akisema sentimita tatu, ni sentimita tatu.

"Wewe ndiye unayejua kupima," alisema hatimaye. "Mpigie mwalimu."

Alimpigia Alhamisi asubuhi.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, kesho hatutaweza. Ukuta wa sebule unaachana. Tunaomba hadi Jumatatu fundi auangalie."

"Marahaba, mwanangu. Ukuta ule nimeishi nao miaka thelathini na moja."

"Nimeupima, mwalimu."

"Mimi sina ugomvi na anayeogopa. Lakini yupo bwana mwingine anayeniganda tangu mwezi jana, nami binti yangu ananingoja. Siwezi kukuahidi Jumatatu."

"Naelewa," alisema, ingawa hakuelewa kitu. Alisikia tu mzigo umemshuka kifuani. Kwa siku nzima ile alipumua, akajiita mwenye busara.

Siku hiyo hiyo mlinzi wa benki alikuja kupimwa suruali mpya. Mama Mapazia alitazama daftari lake la vipimo, akatazama futi.

"Kaka, umenenepa."

"Kwa mshahara huu?" mlinzi alicheka. "Ninenepe kwa lipi, kwa upepo?"

Naye alicheka, akaandika kipimo kipya, wala hakuwaza zaidi. Kichwa chake kilikuwa kwenye ufa.

Ijumaa saa nne, saa ile ile ambayo angekuwa ameshika kalamu kwa wakili, akaingia nesi wa zahanati, mteja wake wa tangu siku za mwanzo, aliyekuwa anashonewa sare. Mama Mapazia akamzungushia futi kiunoni. Daftari lilisema tisini na nane. Futi ilisema tisini na tisa na nusu.

"Dada, umeongezeka kidogo."

Nesi akageuka mzimamzima. "Nani? Mimi? Nimepungua kilo nne! Napima kila Jumatatu kwenye mizani ya wagonjwa. Nimeacha sukari, nimeacha mkate, natembea kwa miguu kwenda na kurudi, halafu uniambie nimeongezeka? Pima vizuri!"

Akapima vizuri. Tisini na tisa na nusu.

"Hiyo futi yako ina wazimu," nesi alisema.

Mama Mapazia alisimama na ile futi ya manjano mkononi. Kisha akaingia chumba cha ndani, akaanza kupasua maboksi. La sufuria, la nguo za mtoto, la viatu. Nesi alimfuata hadi mlangoni akidhani amemuudhi. Katika boksi la tisa, chini ya pasi, ilikuwapo futi ya zamani, imejikunja, namba zake zimefifia kwa jasho la shingo.

Akazitandika mbili hizo sakafuni, ubavu kwa ubavu, mwanzo kwa mwanzo. Zote ziliandikwa mia moja na hamsini mwishoni. Ya zamani iliizidi mpya kwa sentimita mbili na ushee.

Shangazi yake aliyemfundisha kushona alimwambia tangu siku ya kwanza: futi ya kitambaa huvutika, ibadilishe kila mwaka. Hakuibadilisha hata mara moja, kwa kuwa hakuwahi kuona hasara. Alipima dirisha kwa futi ile, akakata kitambaa kwa futi ile ile, na kosa likaenda pamoja na kosa, pazia zikakaa sawa. Miaka tisa sentimita zake zilikuwa ndefu kuliko za dunia nzima, naye hakujua hili wala lile. Dirisha halikuongezeka. Mlinzi hakunenepa. Ukuta ulikuwa umesimama pale pale uliposimama miaka thelathini na moja.

Alimpigia mwalimu akiwa amepiga magoti sakafuni. Simu ililia muda mrefu.

"Mwalimu, nilikosea. Tunakuja sasa hivi. Ni futi, mwalimu, ni futi yangu tu."

"Ah, mwanangu," mwalimu alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomwogofya. "Yule bwana ni mjenzi. Nilimweleza ulivyoniambia, sikutaka kumficha mtu. Akaja jana jioni na futi yake ya chuma, akapima, akagonga ukuta, akasema ufa ni wa lipu tu. Tumetia sahihi leo saa mbili."

Mumewe alipoambiwa hakufoka. Alikaa juu ya boksi, akauliza kama kuna chai, kisha akakumbuka kuwa vikombe vimefungwa. Afadhali angefoka. Jumapili wapangaji wapya walifika mapema, na familia ikahamia chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, maboksi kumi na saba yakafika darini.

Mwezi uliofuata mke wa mjenzi alimtumia ujumbe. Alisema mwalimu alimsifia Mama Mapazia kwamba hakuna mshona pazia kama yeye. Je, angeweza kuja kupima?

Angeweza kukataa. Lakini zile pazia za rangi ya mchanga zilikuwa kwenye boksi, na chumba kipya hakikuwa na dirisha la kuzitosha. Akazipiga pasi, akazibeba begani, akaenda. Alipanda kiti kile kile, maana mwalimu alikiacha, akazipachika kwenye fimbo moja baada ya nyingine. Ufa ulikuwapo pembeni, mwembamba, vilevile.

Pazia zikashuka, zikagusa sakafu, zikakutana katikati bila kupungua wala kuzidi hata kidole.

"Loo!" mke wa mjenzi alipiga makofi. "Zimekaa kama zimezaliwa hapa. Umejuaje vipimo, nawe hukuja kupima?"

Mama Mapazia alishuka kwenye kiti, akakirudisha mahali pake.

"Nilishawahi kuja," alisema.