Jaribio la Hesabu Nyuma ya Waraka wa Siri

Mwalimu Auleria alikuwa mke wa naibu waziri, lakini shule yake haikuwa na karatasi. Ukitaka kuelewa balaa lililompata mumewe, anzia hapo. Watu wa Gongo la Mboto walidhani mke wa mheshimiwa anapiga simu tu, gari linakuja kushusha marimu ya karatasi getini. Kumbe mwenzao alikuwa anaona haya kuwaomba hata wazazi, kwa sababu wengi wao alijua hali zao. Basi akafanya wanavyofanya walimu wengi: karatasi ikiwa imechapwa upande mmoja, upande wa pili ni mali ya darasa la tano.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikuta juu ya meza ya mumewe bunda la karatasi za namna hiyo, nyeupe na nene, za kutamanisha. Ukurasa wa juu ulikuwa na muhuri mwekundu: SIRI. Auleria si mjinga. Alilibeba bunda mpaka sebuleni, ambako mumewe, Adelard, alikuwa anaongea na simu huku macho yakiwa kwenye mpira wa runingani.

"Baba Clara, hizi zina muhuri wa siri. Nizitumie kwa jaribio au niziache?"

"Chukua tu, mama," Adelard akajibu, wala hakugeuka. "Hizo za zamani."

Akachukua. Kesho yake darasa la tano likafanya hesabu za sehemu, na watoto wakarudi nyumbani na karatasi zao ili wazazi wasaini. Hivyo ndivyo waraka kuhusu ardhi ambayo serikali ilikusudia kuitwaa ulivyosambaa mtaani, kila nyumba na ukurasa wake. Hakuna aliyeangalia upande ule, maana kila mzazi alikuwa anatafuta alama.

Isipokuwa mmoja, Sajenti Isack wa kambi ya jeshi. Alifika shuleni asubuhi, kofia mkononi, akamsalimia mwalimu vizuri kabisa.

"Upande huu nimesaini," akasema, "na mtoto nimemgombeza. Upande wa pili nimeona muhuri, sikuendelea. Ila taarifa nimeshatoa, mwalimu. Unisamehe, ndo kazi yangu."

Auleria hakumwona mbaya. Katika wiki ile watu waliochomekea mashati walipita nyumba kwa nyumba wakiulizia majaribio ya hesabu, na mtoto aliyekuwa amepata zote aliangua kilio walipomchukulia lake. Adelard akavuliwa unaibu waziri, kisha akafikishwa mahakamani kwa kosa la uzembe katika kutunza nyaraka za siri. Akakana.

Mtaani wakasema hayo ni maigizo tu, mkubwa hafungwi. Waliosema hivyo hawakumwona wakili wake, Rogers, alivyokuwa akifuta jasho sebuleni kwa Auleria.

"Shikamoo mama," alianza.

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, sheria haiulizi kama kuna adui aliyeusoma ule waraka. Inauliza nani alikabidhiwa, na aliutunzaje. Mheshimiwa akitiwa hatiani ni jela, na ubunge ndo basi tena. Lakini tuseme wewe ulizitoa kabatini mwenyewe. Hukumuuliza, na muhuri hukuuona. Hapo yeye anatoka. Wewe ni mwalimu uliyekosa karatasi, nani atakufunga? Utapewa onyo, yataisha."

Akaanza kumkaririsha kama watoto wanavyokaririshwa jedwali la kuzidisha. Ulizitoa wapi, mama? Kabatini. Mzee alikuwepo? Hakuwepo. Auleria alijibu vizuri, bila kukosea hata mahali pamoja.

Tuseme ukweli, alikuwa tayari kudanganya. Alimpenda Adelard tangu wote wawili wakifundisha Muleba, wana baiskeli moja na mwenye zamu ya asubuhi ndiye anayepanda. Angebeba onyo, angebeba hata uhamisho. Alichotaka ni kitu kimoja: Adelard amwombe mwenyewe, kwa mdomo wake. Mpaka hapo alikuwa ametumiwa wakili, akatumiwa wifi kutoka Buguruni, akatumiwa hata mzee wa kanisa. Mwenye shida amejifungia chumbani.

Siku moja kabla ya ushahidi alitoka. Alimkuta mkewe jikoni anamenya ndizi, akavuta kigoda, akakaa. Moyo wa Auleria ukalainika kabla hajasikia neno.

"Mama Clara, najua Rogers kakuchosha. Ila usiwe na hofu, sio kwamba unaenda kudanganya. Kabati ni maneno yake ya kiwakili. Kubwa ni kwamba hukuniuliza, na huo ni ukweli."

Kisu kikasimama. "Sikukuuliza?"

"Ungeniuliza ningekukatalia. Mie huyu nimpe mtu karatasi ina muhuri? Na wala sikulaumu. Nilishakusamehe siku ileile."

Auleria alimtazama usoni akitafuta ujanja. Ujanja wa mumewe aliujua, alikuwa ameusikia kwenye kampeni na akaucheka. Safari hii haukuwepo. Adelard alikuwa anaamini anachokisema. Siku ile alijibu bila kusikia, kama alivyomjibu binti yao Clara alipotaka kuacha chuo, na kama alivyojibu kuhusu kile kivimbe cha kifuani ambacho mkewe alikwenda kukipima peke yake. Sawa mama. Fanya tu. Chukua tu.

Iliuma. Iliuma kuliko siku jina lao lilipotangazwa redioni. Uongo wa kumwokoa mumewe angeuweza, lakini huu ulimtaka akubali kwamba hakuwahi kufungua mdomo ndani ya nyumba yake.

"Nenda kapumzike, Baba Clara," akasema, akaendelea kumenya.

Kesho yake, kizimbani, alipoulizwa karatasi alizipataje, alizungumza kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma.

"Nilimuuliza mume wangu, mheshimiwa. Nilimtajia na muhuri. Akaniambia nichukue, ni za zamani. Alikuwa kwenye simu. Na mimi nilichukua hali muhuri nimeuona. Hilo ni kosa langu, silikatai."

Watu wakaguna. Hakimu, mama mmoja mtulivu, akamgeukia Rogers kumuuliza kama ana maswali kwa shahidi. Rogers akasema anayo mengi. Akaanza na uchovu wa walimu, akaingia kwenye kumbukumbu inavyoweza kumchanganya mtu, na alikuwa anakolea hasa pale Adelard alipomvuta koti kwa nyuma.

"Mwache," akasema. Kisha akaomba ruhusa ya kuzungumza, akapewa.

"Mheshimiwa hakimu, mimi sikumbuki kuulizwa. Sasa hivi nimejitahidi nikumbuke, sikumbuki. Lakini huyu nimeishi naye, hasemagi uongo. Kama anasema aliniuliza, basi aliniuliza. Nilikana shtaka. Naomba kulikubali."

Hakimu akamuuliza kama anaelewa maana yake. Akasema anaelewa. Hukumu ilisomwa siku hiyohiyo alasiri: mwaka mmoja jela. Ubunge ukaishia hapo, na Rogers akakusanya makabrasha yake bila kumwangalia mtu.

Askari alipomshika Adelard mkono, yeye akasita mbele ya benchi alipokaa mkewe.

"Mama Clara," akasema taratibu, "mengine uliyoniuliza ni yapi?"

Auleria hakuwa ametoa chozi tangu mambo yaanze. Sasa machozi yalimtoka, mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Ni mengi, Baba Clara. Siku ya kuruhusiwa kukuona nitakuja, nikuambie moja baada ya jingine."

Adelard akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kusimama palepale, akimtazama mdomoni, kana kwamba angependa aanze kuambiwa sasa hivi, mpaka askari akamgusa bega akamwambia twende.