Fundi Kulala Kifudifudi

Hospitalini kwetu wananiita Mama Mito, na wanaodhani jina hilo linaniudhi wamenoa. Mimi ni daktari wa usingizi. Kumpa mtu dawa akalala chali, wengi wanaweza. Kumlaza kifudifudi muda wote wa upasuaji, akiwa hajijui hajitambui, kisha akaamka na macho yake, pua yake na vidole vyake vyote vizima, hiyo inataka mtu mwenye kisirani kidogo. Mimi ninacho, tena cha kutosha.

Aliyelala usingizi wa kawaida akilalia mkono vibaya, hugeuka. Aliye kwenye nusu kaputi hageuki. Mkono utabanwa hadi mishipa iumie, naye hatasema kitu. Ndiyo maana nina utaratibu wangu ambao wenzangu huucheka: mgonjwa wa mgongo simlazi kwa dawa mpaka kwanza apande mezani mwenyewe, akiwa macho, ajilaze kifudifudi juu ya mito yangu na anieleze panapombana.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mwanamume mwembamba mwenye mdomo mwepesi. Alikuwa amekaa kwenye cherehani miaka na miaka hadi pingili za kiuno zikaanza kubana mshipa wa fahamu, na mguu wake wa kushoto ukawa unawaka moto usiku kucha. Mkewe alimsindikiza hadi mlangoni, akanishika kiganja kwa mikono miwili.

"Daktari, mgongo fanyeni mnavyojua," akasema. "Ila mikono ya mume wangu nakuomba unirudishie kama ilivyo. Ndiyo inayotulisha. Huyu hana kazi nyingine anayoijua, hata chai hajui kuchemsha."

"Chai najua," fundi akadakia kutoka kwenye machela. "Huwa sitaki tu."

Ndani tulimkuta daktari wa upasuaji, tunayemwita Chapuchapu. Mkono wake ni mwepesi, tumbo lake ni zito, na subira hajawahi kuwa nayo. Fundi akapanda mezani, akajilaza kifudifudi, nami nikamwekea mikono mbele, kila mmoja kando ya kichwa, kama tunavyowaweka wengi.

"Panabana popote?"

"Safi kabisa, daktari."

"Vidole?"

"Safi."

Lakini niliona kidole gumba cha kulia kikisugua cha shahada, tena na tena, kama mtu anayetafuta uzi uliompotea. Nikamwekea ncha ya shuka katikati ya vidole hivyo, nikamwambia aishike. Shuka likaanguka.

"Mama Mito," Chapuchapu akauliza, "tunaanza leo au mwakani?"

Nilichuchumaa nikatazamana na fundi uso kwa uso. "Sema kweli."

Akanionyesha mkono wa kulia kwa macho. "Mkono huu nikiuinua juu ya bega, unakufa ganzi. Ni muda sasa. Nikiushusha, unarudi."

"Na kule kliniki ulipoulizwa kama una tatizo lingine?"

"Nilisema sina. Ningesema, mngeniambia nirudi mwezi ujao, na kwa huu mguu mimi mwezi mwingine siuwezi."

Nilipandwa na hasira na wala sikuificha. Ningemlaza vile, mikono juu, angeamka na mkono usioweza kushika sindano. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Wewe leo ungeumbuliwa na mkono." Akafumba macho kwa aibu, maskini, na hasira yangu ikapoa kidogo.

Nikaamua mikono ishuke, ilazwe kando ya mwili.

"Sasa mimi nisimame wapi?" Chapuchapu akalalamika. "Hapo unapouweka mkono ndipo tumbo langu linapokaa."

"Basi kimoja kipungue. Na mkono haupungui."

Akacheka, kwa kuwa ana haraka lakini si mtu mbaya. "Haya. Usingizi ni wako."

Tulimrudisha kwenye machela, tukamlaza kwa dawa akiwa chali. Nilipokwisha kufunga mpira wa kupumulia na kumfunika macho kwa plasta, nikashika kichwa chake, na anayeshika kichwa ndiye mkubwa wa chumba. Moja, mbili, tatu, tukamgeuza mzimamzima hadi juu ya mito. Nikaanza ukaguzi wangu. Macho hayakuguswa na kitu, pua iko wazi, masikio hayakukunjika. Kifua na nyonga vimeegemea mito, tumbo linaning'inia ili damu isijae mgongoni. Magotini pana sponji. Mkono wa kulia niliuvisha sponji nene, nikaufunga kando ya mwili kwa shuka, na kibanio cha kupima oksijeni nikakiweka kwenye kidole cha mkono huohuo. Ninaouhofia ndio ninaoupa mlinzi.

Kazi ilikwenda vizuri. Chapuchapu alikuwa ameshaufikia ule mshipa, anaimba chinichini, wakati mawimbi ya kile kibanio kwenye skrini yalipoanza kufifia.

"Labda kibanio kimelegea," akasema dada muuguzi.

Nikachukua kibanio kingine, nikakibana sikioni. Huko mawimbi yalikuwa manene, na presha ilikuwa nzuri. Mwili ulikuwa salama. Mkono haukuwa salama.

"Simama," nikasema.

"Nimebakiza kidogo tu."

"Toa vifaa kwenye jeraha, rudi nyuma. Sasa hivi."

Akarudi. Nikapiga magoti na tochi, nikaingia chini ya mashuka ya kijani. Sponji lilikuwa limeteleza, na mkono wa fundi ulikuwa umegandamizwa kwenye ukingo wa meza na lile tumbo la Chapuchapu. Vidole vilikuwa baridi. Niliogopa, nasema wazi. Mimi ndiye niliyeushusha pale, kwa kinywa kipana na mzaha juu. Lakini hofu haifungi bendeji. Nikaurudisha mkono ndani, nikauvisha sponji upya, nikaufunga kwa bendeji pana, kisha nikachomeka ubao wa pembeni wa kuukinga.

"Panda kigoda," nikamwambia Chapuchapu nilipotoka. "Tumbo lipite juu ya ubao."

Akapanda. Tukaitazama skrini wote. Mawimbi yakarudi, membamba, halafu manene.

"Endelea."

Alipomaliza, tukamgeuza fundi chali na nikamwamsha. Miguu yote miwili ikacheza, Chapuchapu akapiga kofi la furaha. Mimi nilikuwa nangoja vidole. Tulimpeleka chumba cha kuamkia, mkewe akaruhusiwa kuingia, na bado ule mkono wa kulia ulikuwa umelala tu juu ya blanketi. Nilimwita, akaguna. Mke alinitazama, kisha akautazama ule mkono.

Nikainama nimwite tena. Mkono ukainuka polepole, ukapapasa hewani, ukafika kwenye kiwiko changu. Gumba na shahada vikashika pindo la mkono wa gauni langu la kazi, vikalisugua, vikaligeuza ndani nje.

"Nani alikushonea hili?" akauliza, macho bado yamefumbwa. "Pindo limekwenda upande. Hata nyuzi hakukata."

Mkewe akaangua kilio, kisha kicheko, vyote pamoja. "Msamehe, daktari, hana adabu huyu!"

Nikamsogezea na mkono wa pili wa gauni, akague na huo.