Taa Kumi na Saba

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, Maman Consolate alikuwa amekaa kwenye kigoda msituni, akipukuchua maharage kwa mwanga wa mwanawe. Aganze alikuwa taa ya tatu ukiingia kwa njia ya mto. Alipokuwa hai mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, na hadi sasa alichechemea akitoka mti hadi mti.

Taa zilikuwa kumi na saba. Ni watu waliouawa siku moja na kufukiwa humo kwenye mikaratusi, na kila mmoja aliwaka karibu na mahali alipolala. Mwanzoni walikuwa kumi na tisa. Wawili walichimbuliwa na ndugu zao, wakasomewa misa, wakazikwa kikristo, na kesho yake wakazimika.

Hapo ndipo kijiji kilipoamka. Tangu kianze, huko njiani kwenda Bunyakiri, hakijawahi kuona nguzo ya umeme. Sasa wanafunzi wa mwaka wa sita walisoma chini ya marehemu, na Ghislaine, fundi wa cherehani, alikuwa amehamishia mashine yake chini ya mwalimu mmoja aliyewaka sana. Kufa kufaana, walisema, tena bila haya.

Consolate alipoomba vijana wa kumchimbua Aganze, Papa Gérard, mkuu wa komite ya kijiji, alimwita.

"Maman, ngoja kwanza batoto bamalize examen."

"Mwaka yenye ilipita mulisema vile vile."

"Ile ilikuwa batoto bengine."

Bila kaburi, matanga yake hayakuwahi kwisha. Aliwachukia majirani kuliko wauaji, maana wauaji hawakumwambia awe na subira.

Uchaguzi ulipokaribia, Mheshimiwa mmoja alipanda kutoka Nguba, mtaa wa wakubwa mjini, na utepe, mkasi na fulana zenye sura yake. Alikata utepe akazindua taa. Huu ni mwanzo tu, alisema, mkinichagua, zitaongezeka. Watu walipiga makofi. Aganze alipita akichechemea juu ya upara wa Mheshimiwa, ukang'aa vizuri kwenye picha.

Consolate alisimama. "Honorable, ule iko mutoto wangu. Niko nataka nimuzike."

Mheshimiwa alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Pole sana, maman. Lakini mutoto wako iko anatumikia taifa."

Akampa fulana.

Jumatatu Consolate alikwenda mwenyewe na jembe. Alimkuta Patrice, mlinzi aliyewekwa na komite, amekaa kwenye njia ya mto, na kofia mpya ya ulinzi.

"Karibu, maman. Ingia umusalimie. Jembe uliache hapa."

Aliliacha, akaingia.

Komite haikupata shida kumchagua Patrice. Siku ile ya mauaji yeye ndiye aliyeshika sepetu, na hakuna mwingine kijijini aliyejua vizuri hivyo kila mmoja alipolala.