Gari kwa Jina la Subira

Presha ya macho ilipomnyang'anya Abdulwahab uwezo wa kuona, gari lake la Pijo lilikaa uani kwao Msambweni hadi kuku wakalizoea. Miaka mingi alikuwa amebeba humo maharusi, wagonjwa na wafiwa. Mkewe, Subira, ndiye aliyekataa liozee pale. Ukubwani hivyo alijiandikisha shule ya udereva Ukunda, akachekwa, naye akacheka, akapata leseni. Tangu hapo akawa ndiye anayempeleka mumewe kliniki.

Asubuhi moja Abdulwahab akamwambia, "Mama Swabir, chukua logibuku. Leo twende Ukunda nikuandikishe gari."

Subira alidhani ni jambo la kutia sahihi tu. Logibuku yenyewe ilikuwa kijitabu cha umiliki wa gari, kilichofungwa kwenye nailoni, na ndani yake wamiliki wameandikwa mmoja chini ya mwingine: karani fulani wa Mombasa, kisha Mwalimu Mramba wa Kikoneni, kisha mumewe. Alitarajia jina lake lifuate hapo chini.

Kwenye saiba waliyoingia, duka la huduma za mtandao, mhudumu aitwaye Dama aliwaamkia, akamshika Abdulwahab mkono mpaka kitini. Alikifunua kile kijitabu taratibu kisimchanikie.

"Siku hizi hatuandiki humu, mama," alieleza. "Mwenye gari anaingia mtandaoni kwenye akaunti yake ya serikali, anasema anamhamishia nani. Anayepewa anaingia kwenye yake, anakubali. Ombi likishapita, cheti kipya kinatoka kwa jina lake."

"Na jina la mzee?"

"Kwenye cheti halitakuwapo, mama. Kumbukumbu zinabaki ofisini kwao, lakini cheti kinamtaja mwenye gari wa sasa."

Upande wa Abdulwahab ulipojazwa, namba ya siri iliingia kwenye simu yake. Akamnyooshea mkewe simu. "Nisomee."

Akaisoma, tarakimu baada ya tarakimu, Dama akiandika. Ikafika zamu yake mwenyewe. Neno KUBALI likatokea kwenye simu yake, naye akabaki akilitazama.

"Siwezi," alisema hatimaye. "Nimfute mtu yu hai!" Akainuka, akamshika mumewe mkono, wakatoka.

Garini hakuwasha injini. Abdulwahab alingoja mpaka pumzi za mkewe zikatulia.

"Unaikumbuka siku ile tuliposimamishwa tukitoka kliniki?" aliuliza. "Askari alipotaka kujua gari la nani?"

"Naikumbuka."

"Ulimwambia, 'La mume wangu, afande, anaumwa, mimi namwendeshea tu.' Ulisema kama mtu anayeomba radhi. Nilikuwa nimekaa papa hapa, nikaumia."

"Nilikuwa nakuheshimu, Baba Swabir."

"Najua. Lakini wewe hunisaidii kuendesha. Unaendesha. Mimi nimeshaendesha nikatosheka." Akapapasa mpaka akaupata mkono wake juu ya usukani. "Na sitaki siku moja ukae eda huku unazungushwa ofisi hii na ile kutafuta gari lako mwenyewe."

"Usinitajie kufa."

"Haya, sitaji. Nataka tu nikupe kitu nikiwa hai, nikusikie ukikipokea."

Subira alijifuta macho kwa pembe ya leso. Alikaa hivyo kitambo, mkono wake chini ya ule wa mumewe, watu wakipita na mizigo yao ya sokoni. Kisha akafungua mlango, akazunguka kumteremsha.

Dama alikuwa hajafunga ukurasa. Subira akabonyeza.

"Nimekubali," akasema kwa sauti, ili mumewe asikie.

"Mungu akujaalie heri nalo," Abdulwahab akajibu, na Dama akaitikia amina.

Cheti kilipoingia kwenye simu, wiki kadhaa baadaye, Subira alimsomea mumewe barazani: namba ya gari, rangi, namba ya chesisi, namba ya injini. Alipofika kwenye mmiliki, akalisoma jina lake harakaharaka.

"Hapo rudia," Abdulwahab akasema.

Akarudia.

"Taratibu, mke wangu. Usilikimbize."

Akalisoma jina lake mara ya tatu, huku akicheka.

Baada ya adhuhuri walifunga safari ya Majoreni, kumjulia hali Mwanapili, dada yake Subira. Walipopita mashamba ya miwa ya Ramisi, Subira alisikia kimya upande wa kushoto, akageuka. Abdulwahab alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti, mdomo wazi kidogo, amelala. Tangu macho yapotee hakuwahi kusinzia humo garini. Alizoea kukaa wima, akimkumbusha kila tuta na kila shimo. Subira akapunguza mwendo, na matuta akayapanda polepole.

Mwanapili alitoka mbio kuwapokea, akiita kwa furaha. Subira akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha aliyelala. Wale dada wawili wakasalimiana kwa kunong'ona dirishani, wakamwacha aendelee na usingizi wake.