Vifungo vya Tihomir

Jumapili baada ya kahawa, Vukosav alitandaza gazeti la zamani juu ya meza ya uani, akaishusha bunduki ya marehemu baba yake kutoka juu ya mlango, akachomoa bolti, komeo lake la chuma. Birika lilikuwa linachemka. Risasi za zamani za jeshi huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Kwa hiyo hutangulia maji ya moto, halafu kitambaa kikavu, halafu mafuta. Wavivu huanza na mafuta, kisha mwaka unaofuata huja kulia kwa wenzao.

Baba yake, mzee Obrad, aliinunua jeshi lilipouza silaha zake za ziada. Ilikuwa imefungwa karatasi ya nta na kuzama kwenye grisi nzito, na kitako chake cha mti wa jozi kilitoka jasho la grisi juani kiangazi kizima. Mzee alipokuwa akikata roho hakuuliza habari za ng'ombe wala za wajukuu. Alisema, "Isishike kutu." Kisha akaongeza, "Na ile miti ya plamu usije ukaing'oa."

Vukosav alisukuma kitambaa kwa fimbo. Kilitokea upande wa pili kikiwa na kifungo cha koti, cha kahawia, uzi wake ungalipo. Kifungo kilikuwa kipana kuliko mtutu, lakini kilitoka.

Ng'ambo ya ua, jirani yake Milunka alikuwa akianika mashuka.

"Kimetoka nini leo?"

"Kifungo."

"Hebu nione." Alikipokea juu ya ua, akakigeuza. "Cha Tihomir. Uzi mweusi uliniishia, nikatia wa kijani. Akanisema wiki nzima."

Tihomir alikuwa mume wake. Wakati wa vita alitoka asubuhi moja kwenda kuangalia mpaka wa shamba, na hakurudi. Tangu vijana wao walipochumbiana, Strahinja wa Vukosav na Smilja wa Milunka, mtutu ule ulikuwa ukimrudisha kidogo kidogo: nyuzi za sweta, tumbaku, jino la kitana. Milunka alivihifadhi vyote kwenye kopo la biskuti.

Hakuna aliyeshangaa. Kijijini kila mtu alijua kwamba Obrad na Tihomir waligombania ukanda wa ardhi kati ya nyumba zao, na kwamba vita ilipokwisha mawe ya mpaka yalikuwa yamehama, na mahali pake ikapandwa miti ya plamu. Watu walifunika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu akapita, na kombe likabaki vilevile.

"Jirani," alisema Milunka, "mimi sitafuti ugomvi. Mwanangu anakuja kwako. Niambie alipo tu. Nimzike, ili Smilja apite kaburini kwa baba yake asubuhi ya harusi, kama mabibi harusi wenzake. Nakuomba hilo tu."

Vukosav aliitazama miti ya plamu. Ilikuwa imezaa mpaka matawi yamewekewa nguzo. Akisema, itachimbuliwa yote. Ardhi itarudi ilikotoka, jina la mzee litatiwa matope, na mwanawe atabaki na suti mpya bila mke. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Sijui, jirani. Mzee hakusema."

"Hakusema?"

"Hakusema."

"Haya. Sugua vizuri, basi. Bado yumo humo."

Wiki ya harusi Strahinja alimjia babake. "Baba, bunduki ya harusi tuazime nyingine."

"Ya nani?"

"Ya yeyote. Yule mama ataitazama hii uani kwake?"

"Nyumba hii haijawahi kuazima bunduki ya kuangushia tufaha," alisema Vukosav. "Watatucheka mpaka ng'ambo ya mto Drina. Wewe shika pumzi, lenga chini kidogo. Huwa inapiga juu."

Basi siku ikafika. Juu ya paa la Milunka kulisimamishwa mlingoti mrefu, na ncha yake ikachomekwa tufaha jekundu. Lisipoanguka, bibi harusi hatoki. Watu wa bwana harusi walikuja na tarumbeta, wakataniwa langoni kwamba kwao hata paka hawezi kulenga panya. Strahinja alishika pumzi, akalenga chini kidogo, akafyatua. Tufaha lilianguka bila kupasuka, likabingiria hadi miguuni kwa Milunka.

Kwa desturi, mama wa bibi harusi hulikata nusu mbili na kuwagawia maharusi. Kisu kilizama, kikagonga kitu kigumu. Milunka alichokonoa, akatoa pete ya dhahabu, akaipangusa kwa aproni, akaisogeza karibu na macho.

"Ina jina langu ndani," alisema.

Mpiga tarumbeta alisubiri kidogo kwa heshima, kisha akaendelea. Milunka aliivaa pete, akawalisha maharusi kila mmoja nusu yake, halafu akamwendea Vukosav na glasi ya rakia, pombe kali ya plamu aliyoileta Vukosav mwenyewe.

"Wapi, mkwe?"

"Sijui, mkwe."

Milunka alikunywa yote. "Tamu hii. Ni ya zile plamu za hapa kati?"

"Za mwaka jana."

"Ardhi ile ilikuwa na rutuba tangu zamani. Tihomir aliisifu sana."

Smilja alitolewa nje, na msafara ukashika njia fupi, kando ya miti. Hapakuwa na upepo. Miti ya plamu ilimwinamia alipopita, mmoja baada ya mwingine, na wageni wakainamisha vichwa matawi yasiwapige. Milunka alibaki langoni akitazama, mkono wenye pete kifuani. Alihesabu ni mti upi ulioinama hadi ukagusa chini. Vukosav naye alikuwa anaujua.

Jumapili iliyofuata alitandaza gazeti, akachomoa bolti. Akisubiri maji, aliingiza kitambaa, kikatoka cheupe. Akaingiza kingine, kikatoka cheupe.

"Kimetoka nini leo?" Milunka aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Hakuna, mkwe. Safi kabisa."

"Na wewe?"

Vukosav alipaka kitako mafuta ya kitani, polepole, kwa kiganja. Milunka akaendelea kuanika.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Smilja alitoka na birika, mvuke ukimpanda usoni, akaliweka kando ya mkono wa Vukosav.

"Maji yamechemka, baba," alisema.