Maji ya Ziwa Ndani ya Betri

Castory alikuwa ameliendesha lori kuukuu la ushirika wa kahawa kwa miaka kumi na mmoja, na kwa majuma mawili yaliyopita hakuwa amelizima mahali popote pasipo na mteremko. Betri zake mbili zilikuwa zimekataa kutunza umeme. Alikwisha kubadilisha mkanda wa feni, akasugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa, akaifungua dinamo na kuifunga tena. Kila asubuhi, ufukweni Ujiji, aliziongezea betri maji meupe ya ziwa, kama walivyofanya madereva wenzake wote. Ugonjwa haukupungua. Akauzoea, kama mtu anavyolizoea jino bovu: lori lililazwa mlimani, na kulipokucha likaachiwa literemke hadi injini ishike.

Ilikuwa Novemba 1993, na Warundi walikuwa wakikimbia mauaji kwao na kuvuka mpaka huko Manyovu kwa maelfu. Siku moja Castory aliwapakia huko watu thelathini kuwashusha Kigoma mjini. Mmoja wao, Veneranda, alikuwa na uchungu wa uzazi tangu juzi. Nesi Sia, Mchaga aliyehamishiwa Kigoma mwaka uleule, alimvuta dereva kando kabla hawajaondoka.

"Mkono wa mtoto umetangulia," alisema. "Huyu ni wa kisu. Tukiwahi, tutamshukuru Mungu. Tukichelewa, usiniulize kitu, Castory."

Castory akaendesha kama mtu aliyebeba mayai na anayefukuzwa na moto. Zilipobaki kilomita kumi na tatu, milima ikaisha, na pale penye tambarare ya udongo wa mfinyanzi wakakuta kizuizi.

"Zima injini," akasema Japhet, mgambo wa zamu.

"Mwanangu, nikilizima haliwaki tena. Nina mgonjwa mahututi."

"Kila dereva ana mgonjwa. Juzi mmoja alituimbia wimbo huohuo, kumbe chini ya maharage mna bunduki saba. Zima, Mzee. Linakohoa kuliko bibi yangu. Nitawasikiaje hao waliomo?"

Castory aliachia usukani ili amwombe kwa mikono miwili. Japhet akapanda ngazi, akaingiza mkono dirishani na kuivuta waya ya kuzimia.

Injini ikanyamaza. Katika ukimya ule ndipo wote waliposikia sauti ya Veneranda kutoka chini ya turubai, sauti ya mtu aliyekwisha kulia machozi yote na sasa anatoa pumzi tu. Japhet alichungulia nyuma, akashuka bila kupekua hata gunia moja.

"Haya, nendeni," alisema, asimtazame mtu usoni.

Castory alipiga stata. Ikalia *tak*, kama kucha juu ya bati. Akapiga tena. Tak.

Walisukuma. Watu waliotembea siku nne bila chakula walibandika mabega kwenye bodi ya lori, nalo likajongea hatua tatu, magurudumu yakazama topeni. Japhet alikimbilia kibandani, akaita mjini kwa redio ya upepo. Akajibiwa kuwa gari la wagonjwa limekwenda Kasulu na halitarudi kabla ya kesho.

Ndipo mzee mmoja mwembamba alipomwendea Castory. Alikuwa Martini, baba yake Veneranda, fundi wa magari wa kule Rumonge.

"Nipe spana na taa moja ndogo," alisema. "Nataka kujua ni ipi iliyokufa."

Aliitenganisha betri moja na nyingine, akaigusisha taa. Ikawaka kwa unyonge, ila ikadumu. Akaigusisha kwenye betri ya pili. Ikamulika mara moja, ikazimika. Akafungua vifuniko vya ile ya pili, akainama kunusa, kisha akachungulia kila tundu.

"Unaiongezea maji gani?"

"Ya ziwa. Ni masafi, Mzee. Tunayanywa."

"Betri si mtu. Ziwa lina chumvi yake hata kama ulimi hauioni. Ungeikingia ya mvua." Alisema bila ukali, na upole huo ulimchoma Castory kuliko tusi. "Dinamo yako haina kosa. Ilikuwa ikimlisha maiti."

"Data," Veneranda aliita kule nyuma. Baba, kwa lugha yao. Martini alifumba macho, akayafumbua, wala hakuondoka pale alipokuwa.

"Redio ya kijana huyu inatumia betri," alisema. "Naiomba."

"Haiwezekani," Japhet akajibu. "Saa kumi kamili wananiita. Nisipoitika, watadhani tumevamiwa, na mimi nitafungwa."

"Sasa ni saa kumi kasorobo," alisema Nesi Sia, mikono yake ikiwa na damu mpaka viwikoni. "Injini uliizima wewe, kaka. Iwashe."

Japhet aliileta betri akiwa ameipakata kama mtoto mchanga.

Martini aliifunga mahali pa ile mfu, kisha akaichomoa waya ya dinamo na kuifunika kwa kipande cha kitambaa, ili dinamo isiungue watakapoiondoa betri injini ikizunguka. "Dizeli ikishashika haimwombi betri kitu," alimwambia Castory. "Piga sasa. Usiachie mapema."

Stata ilizunguka kwa uzito, ikasita, ikazunguka tena. Moshi mweusi ukatoka, injini ikashika. Wenye nguvu wakasukuma, lori likatoka topeni. Martini akaichomoa betri, Japhet akaikumbatia na kukimbia nayo kibandani. Zilikuwa zimebaki dakika mbili.

Hospitalini walimpokea Veneranda akiwa hai, wakamwingiza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Castory na Martini walikaa kwenye benchi. Mikono ya mzee ilikuwa imebabuka kwa maji makali ya betri, naye hakuwa na habari nayo.

Nesi Sia alipotoka, alichuchumaa mbele yao kwanza.

"Mama yuko hai, Mzee, na atapona. Mtoto hatukumuwahi. Daktari anasema tumechelewa labda nusu saa."

Castory aliihesabu nusu saa hiyo moyoni, akaiona yote ilivyopotelea pale kizuizini, ndani ya matundu sita ya betri. "Ni maji yangu," alisema.

Martini hakumpinga wala hakumlaumu. Alisema, "Kwetu, mtoto huzikwa karibu na nyumba. Mama yake akiamka ataniuliza nimemlaza wapi, na mimi sina nyumba."

"Mwambie yuko Buzebazeba, nyumbani kwangu," alisema Castory, "ubavuni mwa kaburi la mama yangu. Twende nikuoneshe mahali, uchague mwenyewe."

Wakaliacha lori pale hospitalini, wakaondoka kwa miguu.